Gesi ni jina tu: tuulize kilichomo ndani ya bomba

Lugha yetu ina maneno mengi, lakini kuna machache ambayo yamebebeshwa mzigo kupita kiasi. Neno “gesi” ni mojawapo. Mama wa Langas anayemtuma mwanawe dukani kubadilisha mtungi husema anataka gesi. Dereva wa bajaji jijini Dar es Salaam anayesubiri zamu yake kituoni husema anajaza gesi. Mwenye shamba kule Naivasha anayeozesha mabaki ya mboga ili yaendeshe jenereta naye husema anazalisha gesi. Jina ni hilo hilo, ilhali vitu ni vitatu. Ndani ya mtungi wa mama wa Langas mna propani na butani. Ndani ya silinda ya bajaji mna methani karibu tupu. Katika pipa la mwenye shamba mna methani iliyochanganyika na kaboni dioksidi nyingi, pamoja na chembe za hewa ile inukayo kama yai viza.

Ningeliacha jambo hili kwa wanaisimu lau halingehusu injini. Lakini siku hizi kila mkutano wa nishati hauishi bila mtu kusimama na kutuambia kwamba gesi asilia ni safi, ni nafuu, na kwamba malori na matatu yetu yafaa kuihamia. Mei 2021 serikali za Kenya na Tanzania zilitia sahihi hati ya maelewano jijini Nairobi kuhusu bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Bomba hilo halijajengwa, na huenda likachukua muda, lakini mjadala umeshaanza. Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Eldoret, na nadai kwamba mjadala huo umeanzia mahali pasipofaa. Umeanza na bei. Ulipaswa kuanza na swali hili: ndani ya hiyo gesi mna nini, na kwa kiasi gani?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyakariri majina ya alkani za kwanza nne, yaani methani, ethani, propani na butani, akiwa amefumba macho. Tunamfundisha kwamba kila moja humzidi mwenzake kwa atomu moja ya kaboni na mbili za hidrojeni. Anajibu mtihani, anapata alama zake, na hapo safari ya majina hayo inakoma. Aghalabu hatumwambii kwamba atomu hiyo moja inayoongezeka ndiyo huamua kama injini itadumu au itaharibika.

Gesi asilia itokapo ardhini huwa ni mchanganyiko. Methani ndiyo huwa nyingi zaidi. Nyuma yake hufuata ethani, propani na butani kwa viwango vinavyotofautiana kutoka kisima hadi kisima. Tena huwamo wasiowaka, yaani nitrojeni na kaboni dioksidi, na pengine salfa. Sasa itazame injini inayotumia plagi. Pistoni hupanda, ikaubana mchanganyiko wa gesi na hewa, plagi ikatoa cheche, moto ukasambaa kwa utaratibu na kuisukuma pistoni chini. Hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini mchanganyiko ukiwa mwepesi mno wa kujiwakia, sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa kubanwa na joto. Mafundi wetu wa jua kali huijua sauti hiyo bila kuhitaji chombo chochote. Husema injini inagonga. Ikigonga kwa muda, pistoni hutoboka.

Methani huvumilia kubanwa kuliko wenzake wote wa ukoo huo. Ndiyo sababu wahandisi wa Ulaya walibuni kipimo waliichokiita namba ya methani. Methani tupu hupewa 100 na hidrojeni tupu hupewa 0. Propani kwa kipimo hicho huangukia kati ya 30 na 40, na butani huanguka chini zaidi. Kwa hiyo injini iliyotengenezwa ili ibane sana, ipate nguvu nyingi na kutumia gesi kidogo, huweza kufanya kazi vyema kabisa kwa gesi ya kisima kimoja, kisha ikaanza kugonga siku ile itakapoletewa gesi ya kisima kingine iliyo na propani nyingi. Risiti zote mbili zitaandikwa “gesi asilia”.

Tena kuna suala la hewa. Ujazo mmoja wa methani huhitaji takriban mijazo 9.5 ya hewa ili uungue barabara. Propani huhitaji karibu 24. Chukua gesi yenye methani asilimia 90 na propani asilimia 10, kisha mwambie mwanafunzi apige hesabu. Atapata kwamba inahitaji mijazo 11 hivi. Injini iliyowekwa kwa methani tupu, isiyokuwa na kifaa cha kupima oksijeni katika moshi na kujirekebisha, itakuwa imepungukiwa na hewa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kinachofuata ni kaboni monoksidi, ile sumu isiyo na rangi wala harufu. Igeuze hesabu hiyo kwa gesi ya shambani yenye methani asilimia 60 tu, na injini iliyowekwa kwa 9.5 itapewa hewa kupita kiasi. Moto utakuwa mchovu, mara nyingine cheche itapita bila kuwasha chochote, na methani itatoka ilivyoingia.

Mtu ataniuliza, je, haya ni ya vitabuni tu? La hasha. Nitatoa mfano wa jirani.

Ziwa Kivu liko kati ya Rwanda na Kongo. Katika vina vyake mmeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za methani, na kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi. Yaani kwa kila sehemu moja ya kiwakacho kuna sehemu tano za kizimacho. Utajiri huo ni hatari pia. Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kamerun lilitema kaboni dioksidi usiku, na watu zaidi ya 1,700 wakafa kwa kukosa hewa. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi sana, na kingo zake zimejaa watu. Kwa hiyo kuitoa gesi hiyo kwa uangalifu ni kutafuta umeme na pia kupunguza tishio.

Tangu miaka ya 1960 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilichoma gesi ya ziwa hilo kuchemshia maji. Tanuri ni kiumbe mpole, kwani ukilipa gesi dhaifu leo na kali kesho litalalamika kidogo tu na maji yatachemka. Injini haina upole huo. Ndiyo sababu kuzalisha umeme kwa injini za pistoni, kama kifanyavyo kituo cha KivuWatt kilichofunguliwa huko Karongi mwaka 2016 kikiwa na uwezo wa megawati 26, kulihitaji kwanza kazi kubwa ya kuisafisha gesi yenyewe. Maji hupandishwa kutoka kina cha mita 350 hivi hadi kwenye jukwaa linaloelea ziwani. Kadiri yapandavyo ndivyo shinikizo lipunguavyo, na gesi hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa. Hapo ndipo busara ya mhandisi inapoonekana. Kaboni dioksidi huyeyuka katika maji kwa urahisi zaidi kuliko methani. Basi gesi hutenganishwa ikiwa bado chini ya maji ili kaboni dioksidi nyingi ibaki huko huko, na ile iliyopanda huoshwa tena kwa maji hadi methani iwe ndiyo iliyo nyingi. Kisha ndipo hupelekwa pwani kwa bomba, kwenye injini.

Ningependa mwalimu yeyote wa kemia aukumbuke mfano huu anapofundisha uyeyukaji wa gesi. Somo ambalo wanafunzi huliona kavu, somo la shinikizo na myeyuko, ndilo linalowasha taa za Wanyarwanda.

Zingatia pia kwamba kaboni dioksidi si adui mtupu. Ikibaki kidogo ndani ya gesi hupoza moto, injini haigongi, na namba ya methani hata hupita 100. Moto uliopoa huzaa oksidi chache za nitrojeni, zile zinazowasha mapafu na kuufanya ukungu wa miji mikubwa uwe wa kahawia. Lakini ikizidi, moto huenda polepole, nguvu hupungua, na gesi isiyoungua hutoka nje. Ni kama chumvi katika mchuzi. Hidrojeni salfaidi, kwa upande wake, haina kiasi cha kusifiwa. Ikiungua huwa tindikali, ikachafua oili na kula vyuma laini vya fani za mtambo. Mkulima anayenunua jenereta ya gesi ya samadi bila kununua kichujio chake anajinunulia hasara.

Sasa tugeukie Tanzania, ambako bahati ni nyingine. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilicho karibu na Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 lakini haikufikishwa Dar es Salaam kwa bomba hadi mwaka 2004. Ni gesi kavu, methani takriban asilimia 97, na haina salfa ya kusumbua. Wenye mitambo ya umeme ya Ubungo waliletewa mfano wa kitabuni. Magari na bajaji zilizobadilishwa jijini humo, nyingine katika karakana ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, hunywa gesi hiyo hiyo. Watanzania wameizoea, na wana haki ya kuisifu. Lakini sifa hiyo ni ya gesi ya Songo Songo. Si ya kila kitu kitakachoitwa gesi asilia. Gesi inayogandishwa na kusafirishwa kwa meli kutoka pande nyingine za dunia mara nyingi huwa na ethani na propani zaidi. Visima navyo huzeeka, na vipya huunganishwa kwenye bomba lile lile. Anayetuambia hapa Kenya kwamba “gesi imefanya kazi Dar” amesema kweli nusu.

Nusu ya pili iko juu ya mlima. Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu yake. Hewa yetu ni nyepesi. Hata ukizingatia baridi inayoisaidia kidogo, injini isiyo na turbo hapa huvuta hewa pungufu kwa takriban asilimia 20. Wanariadha wetu wamegeuza upungufu huo kuwa medali, lakini chuma hakina mapafu ya kuzoea. Gari la gesi lililorekebishwa pwani kwa kifaa cha kizamani cha kuchanganyia, likipanda Timboroa na kushuka hapa, litapata gesi nyingi kuliko hewa, na litatoa kaboni monoksidi ambayo kule pwani halikuitoa. Kwa upande mwingine, kwa kuwa silinda haijai sana, halitagonga upesi. Yaani mchanganyiko unaofaa Kurasini si lazima uwe ndio unaofaa Kapseret. Sijasikia jambo hili likitajwa katika hotuba hata moja.

Nimefika kwenye neno “safi”. Mimi si adui wa gesi, na haki yake lazima ipewe. Injini ya gesi haitoi masizi meusi kama lori kuukuu la dizeli lipandalo kutoka Turbo. Ukilinganisha nishati sawa kwa sawa, methani ikiungua hutoa kaboni dioksidi pungufu kuliko dizeli kwa asilimia 25 hivi. Huo ni ukweli wa kemia, unaotokana na hidrojeni yake nyingi. Lakini methani isiyoungua ina tabia nyingine. Katika muda wa miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito uo huo wa kaboni dioksidi, na katika miaka 20 ni zaidi ya mara 80.

Niliwapa wanafunzi hesabu ifuatayo ubaoni. Kilo moja ya methani ikiungua yote hutoa kilo 2.75 za kaboni dioksidi. Dizeli ya nishati ileile ingetoa kilo 3.7 hivi. Faida, basi, ni gramu 950. Je, ni gramu ngapi za methani zikiponyoka bila kuungua zitakazoifuta faida hiyo? Gawanya 950 kwa 28. Jibu ni gramu 34. Katika kilo nzima, gramu 34 tu, iwe zimevuja kwenye kiungo cha bomba, au zimepita ndani ya silinda ambayo moto wake ulikuwa mchovu, na faida yote ya tabianchi imekwisha. Wala hapo hatujaihesabu hoja kwamba injini ya dizeli kwa kawaida huyatumia mafuta yake kwa ufanisi zaidi. Darasa lilinyamaza kidogo. Kisha msichana mmoja aliuliza ni nani hupima hizo gramu 34. Ni swali ambalo ningefurahi kulisikia likiulizwa bungeni.

Kwani sisi Wakenya tuna historia ya kuuziwa mafuta kwa jina na kulipia kilichomo. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake wa kampuni ya General Motors waligundua kwamba risasi ikitiwa ndani ya petroli huzuia injini isigonge. Tatizo ni lile lile nililolieleza hapo juu, dawa ndiyo iliyokuwa sumu. Risasi hiyo ilipuliziwa watoto wa dunia nzima, ikadhuru bongo zao, na hapa Afrika kusini mwa Sahara haikuondolewa hadi kufikia Januari 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha Julai 2021. Kwa zaidi ya miaka 80 bango lilisema “petroli” tu. Salfa katika dizeli nayo ilipunguzwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki Januari 2015, hadi sehemu 50 katika milioni. Kabla ya hapo, ni madereva wangapi walioujua wingi wake?

Tena kuna mafuta taa. Watu wa Eldoret tunalijua sana jambo hili, kwa kuwa bomba la mafuta kutoka Nairobi lilifika hapa mwaka 1994, na matrela ya kwenda Malaba hujazwa mlangoni petu. Kwa miaka mingi mafuta taa yalitozwa kodi ndogo ili kumpunguzia maskini mzigo. Wafanyabiashara wasio na haya wakayachanganya na dizeli. Mafuta taa hayalainishi vyuma kama dizeli. Pampu na nozo za malori zikasagika, na wenye malori wakawalaumu mafundi. Mwaka 2018 serikali ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuukomesha udanganyifu huo. Udanganyifu ulipungua, naam. Lakini aliyelipa zile shilingi 18 ni bibi wa kijijini mwenye kibatari na jiko la utambi, ambaye hakuwahi kumiliki lori maishani mwake. Hayo ndiyo matunda ya kuacha kilichomo kiwe siri hadi madhara yatokee. Dawa huja ikiwa imechelewa, na humwangukia asiyehusika.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wasingoje wizara. Hesabu za mijazo ya hewa na za gramu 34 hazihitaji maabara, zinahitaji chaki. Nawaomba wanafunzi wa uhandisi walio Chuo Kikuu cha Moi, na wale wa Chuo cha Kitaifa cha Ufundi hapa mjini, wayachukue mawazo ya mwinuko kuwa miradi yao ya mwisho wa masomo. Injini moja kuukuu, mtungi wa methani, mtungi wa kaboni dioksidi na kipima moshi vinatosha kuanzia, na hakuna mtu wa Mombasa atakayetufanyia kazi hiyo katika hewa yetu nyepesi.

Na kwa wale watakaoandika kanuni za bomba, iwapo litajengwa, nina ombi moja. Bei ya gesi itatangazwa kila mwezi kama itangazwavyo bei ya petroli. Kando ya bei hiyo, kwenye bango la kila kituo, yaandikwe majina yale manne na asilimia zake, pamoja na ya kaboni dioksidi, nitrojeni na salfa. Watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hatayaelewa wamsimamishe mtoto yeyote wa kidato cha tatu njiani atokapo shuleni, wamwombe awasomee bango hilo.